Dilsara na Maji ya Jumamosi

Kazi yangu katika ofisi ya maji ni kufagia, kuchemsha chai na kuzuia popo wasiingie chumba cha betri. Purnima wangu namfunga mgongoni, na akilala namlaza kwenye kapu kando ya dirisha. Mwenye kompyuta ni Dada Dilsara. Watu wakiniuliza anafanya nini mle ndani kutwa nzima nashindwa pa kuanzia, kwa maana ukimtazama kutoka mlangoni utasema anafuma sweta tu.

Na kweli anafuma. Anaandika amri kwenye lile dirisha jeusi la maandishi, lisilo na picha hata moja, kisha kompyuta ikifikiri yeye anashika sindano zake. Ikijibu, anaweka uzi pajani na kusoma. Soya za kukaanga anazila kwa kijiko, ili mafuta yasifike kwenye kibodi. Mimi sikupita shule ya msingi, lakini nimekaa naye kiasi kwamba namjua kwa sauti ya sindano. Zikikimbia, mambo ni mazuri. Zikisimama, kuna kitu amekiona na bado hajakielewa.

Mama yake alinihadithia kwamba Dilsara alipokuwa mdogo, baba yake alirudi likizo kutoka jeshini akakuta redio yake imetandazwa juu ya mkeka, kila kipande mahali pake. Hakumpiga. Alimuuliza tu kama amempata yule mtu anayesema humo ndani. Mtoto akajibu, "Bado, baba. Nimefika shingoni." Basi ndivyo alivyo mpaka leo, na nywele zimeanza mvi.

Mji wetu uko mgongoni mwa kilima, na maji yako miguuni. Pampu inayapandisha kutoka chemchemi mpaka tangi la juu, na kutoka tangini mabomba yanashuka kwenda Mtaa wa Juu, Sokoni, na kwetu Mtaa wa Chini. Kila bomba lina koki kubwa yenye mota, na kompyuta ya ofisi ndiyo inayoziambia mota zifungue na zifunge. Kila mtaa una zamu yake asubuhi. Jumamosi hakuna anayepata, pampu inapumzika na tangi linajaa. Ndiyo sheria, na kila nyumba inajaza ndoo zake Ijumaa.

Koki ya Mtaa wa Chini peke yake haikuwa na mota. Ilichomwa na radi miaka mingi nyuma, na tangu hapo mlinzi alikuwa akiifungua kwa spana. Mwaka jana, baada ya sikukuu ya Dashain, Dilsara aliwasihi watu wa Kamati ya Maji mpaka wakanunua mota mpya, na waya akaziunga yeye mwenyewe pamoja na fundi. Hapo ndipo maneno yalipoanza, maana Dilsara kaolewa Mtaa wa Juu lakini kazaliwa Mtaa wa Chini. Watu wa Juu wakasema mota imekwenda ujombani.

Haikupita muda, Jumamosi moja nikasikia bomba la uani kwetu linakoroma. Nikadhani limepasuka. Nikafungua, yakaja maji. Jumamosi iliyofuata, tena. Halafu katikati ya mwezi wa Kiingereza zikawa siku kadhaa mfululizo, ukiamka alfajiri unakuta maji yameshafika kabla ya zamu. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Nani anashtaki maji? Bibi Jethi, bibi wa mume wangu, akasema ni Naga, mungu nyoka wa chemchemi, amekumbuka maziwa tuliyommwagia. Mume wangu akasema mota mpya ni kama bibi harusi, siku za mwanzo anafagia hata pasipo uchafu. Jirani yetu akasema Dilsara ni mtoto mwema, hajamsahau mama yake.

Hilo neno la jirani ndilo lililopanda mlima.

Homnath ana hoteli ya chai Mtaa wa Juu. Kila Jumapili bomba lake lilikuwa linatoa uzi mwembamba, kwa kuwa tangi halikujaa. Siku moja akaja akasimama mlangoni pa ofisi, hata viatu hakuvua, akasema kwa upole uliozidi ukali, "Dada, hiyo koki yako inajua njia ya kwa mama."

Nyumbani nako mama mkwe wake alikuwa anawaambia wageni kwamba mkwe wake ana mkono mrefu, ukinyooshwa unafika mpaka Mtaa wa Chini. Dilsara alinisimulia hayo huku anacheka, lakini siku hiyo sindano hazikukimbia.

Kisha akaja Mwenyekiti Tulsiram. Ni mtu mzuri, huwa anambeba Purnima ili mimi nimimine chai. Alikaa muda mrefu akizungusha kikombe. Akasema wajumbe wanataka kazi ya kompyuta apewe mtu mwingine, na kwamba mkutano wa Jumamosi utaamua. Akamwomba amweleze tu kinachotokea, hata kama ni kitu cha aibu.

"Sijui, Mwenyekiti," Dilsara akasema. "Lakini natamani sana kujua."

Mwenyekiti akamwambia kwamba "sijui" si jibu la kupeleka mkutanoni. Akaondoka bila kumaliza chai.

Alipotoka, Dilsara akanigeukia akaniuliza ni siku zipi hasa maji hayo yanakuja. Siku mimi nazijua kwa nepi ninazofua. Nikamwambia Jumamosi zote, bila kukosa, na tena siku zile za karibu na Sankranti, siku ya ibada mwezi wetu unapogeuka. Akaniuliza kama Sankranti yenyewe au karibu yake. Nikafikiri, nikasema kabla yake, siku yenyewe, na baada yake. Akatikisa kichwa polepole, kama anayeonja mchuzi asiojua umetiwa nini.

Akalifungua dirisha jeusi. Kompyuta ile ina ratiba ndani yake. Unaiandikia saa na siku, kisha unaiandikia kazi, nayo wakati ukifika inaifanya bila kuamshwa. Zamu za maji zote ziko humo. Akaitazama ratiba iliyo chini ya jina lake, ikawa safi. Akaingia kwa ufunguo mkuu wa mashine, akaitazama ratiba ya ofisi. Safi pia, na Jumamosi haimo. Akafuma mistari michache. Halafu nikaona uzi umebaki umening'inia kwenye kidole.

"Mama Purnima," akasema, "mtu akihama chumba akaacha redio inasema, nani anaizima?"

Nikamwambia anayehamia.

"Na kama aliyehamia hajui kuwa nyumba ina vyumba vingine?"

Ndipo akanieleza. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye kompyuta ile alipewa jina lake la kuingilia, na kila jina linaweza kuwa na ratiba yake peke yake, ambayo wengine hawaioni. Mtu akiacha kazi, akihama mji, jina linabaki. Na kama aliacha ratiba, mashine inaendelea kuamka kwa ajili yake, saa ileile. Nikamkumbuka mbwa wa shemeji yangu, aliyekuwa anakwenda stendi kila jioni kumngoja bwana wake, na bwana wake yuko Qatar. Nikamwambia. Akasema ndiyo, hivyohivyo, mbwa wa stendi.

Basi akaanza kupita mlango hadi mlango. Amri yenyewe ni fupi. Unaandika crontab, unaandika jina la mtu, na herufi moja ya kuomba uonyeshwe ratiba yake. Kuna herufi nyingine pia, ya kufuta, na alinionya mapema kwamba hiyo ukiigusa inafuta kila kitu cha mtu huyo bila kukuuliza kama umefikiri. Nikamsogeza Purnima mbali na kibodi.

Jina la kwanza, mashine ikajibu kwamba huyu hana ratiba. La pili, hana. La tatu lilikuwa la mhasibu wa zamani. Yeye aliiambia mashine inakili hesabu kila jioni kwenye diski fulani. Diski ilishaondoka, lakini mashine ilikuwa bado inajaribu, inashindwa, na inamwandikia barua ya malalamiko katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Dilsara akalifungua. Barua zilikuwa nyingi mno, zote zinasema neno moja. Akazipitia kidogo kwa huruma, kama anayemsikiliza mzee kiziwi.

La nne lilikuwa la kijana Mjapani aliyewahi kuja kujitolea. Ratiba yake ilikuwa na kazi moja. Kila Jumapili jioni mashine ilitakiwa imwandikie maneno mawili, naye akayaandika kwa lugha yetu, nadhani kwa kujifunza: Mpigie mama.

Nikauliza kama alikuwa anampigia. Dilsara akasema mashine haijui hilo. Hiyo hakuigusa.

Jina lililofuata lilikuwa khadananda. Mzee Khadananda ndiye aliyekuwa na kompyuta hiyo kabla yake, na ndiye aliyemfundisha. Alistaafu akahamia Chitwan kwa mwanawe. Dilsara aliandika jina lake bila haraka, akabonyeza, na skrini ikajaa. Mistari mingi ilikuwa ya mambo yaliyokufa. Mmoja haukuwa umekufa. Ulisema fungua koki ya Mtaa wa Chini, na baada ya muda funga. Juu yake, kwenye mstari ambao mashine haiusomi, ule wa kuwaandikia wanadamu, palikuwa na maneno haya: Maji ya Bibi Jethi. Usifute.

Nilimwambia Bibi Jethi ni wetu. Akasema anajua, hakuna Jethi mwingine Mtaa wa Chini mwenye ulimi ule. Lakini macho yake hayakutoka kwenye namba zilizotangulia kazi. Akaweka kidole juu ya skrini akanisomesha, nafasi ya dakika, ya saa, ya tarehe, ya mwezi, ya siku ya wiki. Penye tarehe Mzee Khadananda alikuwa ameandika kumi na tatu hadi kumi na nane. Penye siku ya wiki aliandika Jumamosi.

"Hebu ona," akasema. "Mzee alikuwa anatafuta Sankranti."

Mashine haijui miezi yetu. Inajua ya Kiingereza tu, na Sankranti zetu huangukia humo, kati ya tarehe kumi na tatu na kumi na nane, mara hapa mara pale. Na Sankranti ikiwa siku ya kawaida, Mtaa wa Chini una zamu yake, wanawake wanaoga, jiwe la mungu pale bombani linaoshwa, hakuna shida. Shida ni Sankranti iliyoangukia Jumamosi, mabomba makavu. Kwa hiyo mzee akaiambia mashine: siku ikiwa ndani ya tarehe hizo, na ikiwa pia Jumamosi, wape maji.

Nikasema mbona hiyo ni sawa. Dilsara akasema hata yeye angeandika hivyohivyo, ndiyo maana anataka kuona ilikosea wapi. Akafungua maelezo ya mashine yenyewe, akasoma, akarudia, kisha akaanza kucheka kwa chini na bega likawa linamtikisika. Kumbe sehemu nyingine zote mashine inadai zitimie pamoja. Lakini tarehe na siku ya wiki ukizijaza zote mbili, inaridhika na mojawapo. Jumamosi yoyote inatosha. Tarehe yoyote katika hizo inatosha. Mzee alitaka Jumamosi isiyozidi moja kwa mwezi, akawapa Jumamosi zote na siku sita za kila mwezi juu yake. Na hakuliona kosa lake, kwa sababu radi ilikuja muda mfupi baadaye ikachoma mota. Miaka yote hiyo mashine ilikuwa inaamka alfajiri na kuiamuru koki isiyo na mkono. Dilsara ndiye aliyeipa mkono.

Mimi nikaona mambo yamekwisha. Nikamwambia futa basi, maji yakome, tuwe na amani. Akaniangalia.

"Nikifuta leo, Jumamosi maji yasije, Homnath atasema nini?"

Nikafikiri. Atasema umeogopa, umefunga mwenyewe.

"Basi," akasema, akaokota sindano. Safari hii zilikimbia.

Aliwaita waje ofisini Jumamosi alfajiri, kabla ya mkutano. Akaja Mwenyekiti amejifunika shali mpaka puani. Akaja Homnath. Akaja pia mama mkwe wa Dilsara, ambaye hakualikwa, lakini hakuna mlango mjini unaoweza kumzuia. Dilsara aliwakalisha mbele ya kompyuta, yeye akakaa ukutani mbali nayo, akaniomba Purnima. Nikampa. Akamkumbatia kwa mikono yote miwili, mtoto akamshika hereni.

Homnath akauliza tunangoja nini. Dilsara akamwambia tunangoja mtu aliyeko Chitwan. Mama mkwe akasema tangu lini mtu wa Chitwan anafungua mlango wa huku, na kwamba yeye angejua angekuja na blanketi.

Tukakaa. Chai ilipoa. Halafu saa ikafika, na skrini ikasema koki ya Mtaa wa Chini inafunguka. Hakuna aliyekuwa karibu na kibodi. Namba ya tangi ikaanza kushuka, taratibu, na mbele ya macho yetu sote. Mama mkwe akasogea nyuma na kiti chake. Mwenyekiti aliitazama mikono ya Dilsara, kisha skrini, kisha mikono tena, na Purnima alikuwa bado ameshikilia ile hereni.

Dilsara akawaeleza kama alivyonieleza mimi, vyumba, majina, redio inayosema. Homnath alisikiliza mpaka mwisho, sina budi kumsifu kwa hilo. Kisha akasema yeye ni mpika chai, lakini anajua kwamba mwenye ufunguo mkuu anaweza kuandika jambo jana akaliwekea jina la mzee aliyeko mbali.

Dilsara hakukasirika. Alisema ni swali zuri, hata yeye angeliuliza. Akamwambia Homnath ampigie mzee yeye mwenyewe, kwa simu yake, na kwamba maneno ya juu ya ule mstari hajamsomea mtu yeyote isipokuwa mimi, ambaye sina salio. Akainuka na mtoto, akaileta ratiba ya mzee kwenye skrini na papo hapo akaifunika kwa sweta.

Homnath akafungua spika, na Mzee Khadananda akapokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Mwenyekiti akachukua simu, akamwamkia, akamuuliza kama aliwahi kuiachia koki ya Mtaa wa Chini kazi ya Jumamosi. Tukamsikia anakohoa, anaomba maji.

"Hiyo ni ya Jethi," akasema. "Mwaka ule Sankranti ilikuwa Jumamosi, mama wa watu akashuka chemchemini gizani na kopo lake, akateleza, akavunjika mkono. Nikaona haya. Ufunguo ninao mimi, na yeye anavunjika kwa kutafuta maji ya kumwosha mungu. Kwani bado ipo?"

Mwenyekiti akamuuliza kama aliandika neno lolote juu yake.

"Niliandika ni maji ya nani. Na nikaandika isifutwe, maana Dilsara ana mkono mwepesi wa kufuta vitu vyangu."

Homnath mwenyewe ndiye aliyeliondoa lile sweta. Alisoma polepole, midomo inatembea. Kisha akalikunja sweta vizuri akamrudishia Dilsara, akasema mshono wa bega umeruka. Na kweli ulikuwa umeruka.

Mkutanoni baadaye neno la kumwondoa halikusemwa. Yalisemwa mengine. Mtaa wa Juu walitaka mstari ufutwe, Mtaa wa Chini tukasema mungu wa bombani haendi likizo Jumamosi. Mwisho wakamuuliza Dilsara kama mashine inaweza kuelewa kile mzee alichotaka. Akasema haiwezi kuhesabu Sankranti, ila inaweza kuambiwa. Palepale akaiandikia zilizobaki za mwaka ule, na siku hizi mwaka wetu ukianza anakaa na kalenda ya ukutani, anaiandikia Sankranti zote kwa tarehe za Kiingereza. Kila Jumamosi mashine inaamka, inauliza kama leo imo, na kama haimo inarudi kulala. Kazi hiyo ameiweka chini ya jina la ofisi, si lake, ili siku akiondoka mtu asihangaike kumtafuta mlango kwa mlango. Ya mzee akaifuta kwa mkono wake, mstari mmoja mmoja, wala hakutumia ile herufi.

Nyumbani nilimsimulia Bibi Jethi kwamba Naga wake ni Khadananda. Aliacha kuchambua mchele.

"Khadananda yupi? Yule aliyeniuzia mbuzi kiwete?"

Nikasema huyohuyo. Akasema huyo ndiye aliyemwambia kwamba mbuzi amechoka na safari tu. Akaendelea na mchele, lakini nilimwona anausugua ule mkono uliowahi kuvunjika.

Jumamosi zikawa kavu, kama zamani, na wanawake wa mtaa wetu wakanilaumu mimi, eti rafiki yangu amefunga mkono wa mungu. Nikawaambia wangoje. Sankranti ya mwezi wa Magh, katikati ya baridi, ilikuwa Jumamosi.

Siku hiyo baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Tulikuwa tumechemsha viazi vikuu tangu jana yake, samli iko tayari, na vitumbua vya ufuta. Tukasimama bombani na ndoo zetu, wengine wanasema hayaji, tushuke chemchemini mapema. Bibi Jethi alikaa kando ya jiwe la mungu na kopo lake la shaba. Nikaona mtu anashuka ngazi kutoka juu, Dilsara, mikono yake yote miwili imo ndani ya shali na hakuitoa mpaka alipofika kwetu. Akasimama kati yetu akilitazama bomba kama sisi, shingo mbele, kama hajui litasema nini.

Bomba likakohoa. Likatoa upepo, kisha kutu kidogo, kisha maji.

Watu walisogea kumpisha bibi. Aliosha jiwe, akaosha uso, akajaza kopo tena, akamwita Dilsara asogee na atoe mikono hiyo nje. Akammiminia mikononi, maji ya baridi kabisa, na Dilsara akaacha yamwagike.

"Mwambie Khadananda," Bibi Jethi akasema, "mbuzi nimemsamehe."